Saratani ya Tezi Dume: Mbegu na Udongo Wake

Mwaka 1889, daktari Mwingereza Stephen Paget alieleza kusambaa kwa saratani kwa mfano ambao kila mkulima wa Njombe ataufahamu: seli za saratani ni mbegu, nazo huota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Mfano huo unasaidia kuielewa saratani ya tezi dume.

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanaume kilicho chini ya kibofu, kikizunguka njia ya mkojo. Saratani inapoanza humo, huyageuza mazingira yake yaitumikie. Mishipa mipya ya damu huilisha, seli zinazojenga nyuzi za tezi huichochea ikue, na baadhi ya seli za kinga huzuiwa zisiishambulie. Ikisambaa, mara nyingi huingia katika mifupa, hasa ya uti wa mgongo na nyonga.

Kwa sababu hiyo, tiba hulenga mbegu pamoja na udongo. Mwaka 1941, Charles Huggins wa Marekani alionesha kuwa kupunguza homoni za kiume huidhoofisha saratani hii, na njia hiyo ingali msingi wa tiba ya ugonjwa uliosambaa. Dawa ya abirateroni huzuia homoni hizo zisitengenezwe hata ndani ya uvimbe wenyewe. Asidi ya zoledroniki huilinda mifupa iliyovamiwa. Watafiti wanaendelea kutafuta namna ya kuziamsha seli za kinga.

Hata hivyo, tumaini kubwa limo katika kuwahi. Saratani ambayo haijatoka nje ya tezi inaweza kuponywa kwa upasuaji au mionzi, lakini katika hatua hiyo mara nyingi haina dalili. Mwanaume mwenye miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake wa kiume aliugua, anashauriwa kumwuliza mtaalamu wa afya kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Majibu ya juu si hukumu. Uthibitisho hutokana na kuchunguza kinyama kilichochukuliwa katika tezi.

Mkojo kutoka kwa shida, damu katika mkojo au maumivu ya mgongo yasiyokoma yasidhaniwe kuwa ni uzee, uchovu wa jembe au wa safari ndefu za malori yapitayo Makambako. Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa akihitaji uchunguzi zaidi, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, na inapolazimu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.