Papai Bichi na Nyama Ngumu

Ukiondoa maji, sehemu kubwa ya nyama isiyo na mafuta ni protini. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo kwa kawaida ni za aina 20, na mnyororo huo hujikunja kwa umbo maalumu. Umbo hilo ndilo linaloamua kazi yake.

Vimeng'enya, karibu vyote, ni protini pia. Kazi yao ni kuharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kutumika. Papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu mweupe wa papai bichi, imeundwa kwa asidi amino 212. Ina ufa mdogo ambamo protini ya nyama huingia. Humo kiungo kati ya asidi amino mbili hukatwa kwa msaada wa maji, vipande huachiliwa, na kimeng'enya kikabaki tayari kwa mnyororo mwingine. Ndiyo maana papai kidogo lililotwangwa hutosha kulainisha nyama nyingi ya mishikaki, jambo ambalo wapishi wa pwani hawakuhitaji maabara kulijua. Likizidi, au nyama ikikaa nalo mno, nje hugeuka rojorojo.

Papai likiiva, papaini hupungua sana. Vuguvugu huichochea, lakini moto mkali hulifumua umbo lake na kazi hukoma. Bromelaini, kimeng'enya cha nanasi, ina tabia hiyohiyo: jeli ya gelatini haigandi ikitiwa nanasi lisilopikwa, ila la kopo, lililokwisha kupashwa moto kiwandani, haliizuii.