Je, Wajua? Mchezo wa vita uliokosa kambi

Je, wajua kuwa Command & Conquer 4: Tiberian Twilight, mchezo wa kompyuta uliotolewa na EA mwaka 2010, uliondoa kile kile kilichowavuta mashabiki wake? Tangu toleo la kwanza la mwaka 1995, kazi ya Westwood Studios, mchezaji alijenga kambi, akatuma magari kuvuna madini ya Tiberium, na mapato yake yakaunda vifaru. Toleo hili lilifuta uvunaji. Kambi nayo ikageuka kuwa Crawler, mtambo mmoja mkubwa unaotembea na kutoa askari vitani. Silaha bora zilifunguka kadiri mtu alivyojikusanyia alama, hivyo mgeni alikutana na wakongwe akiwa na silaha chache. Zaidi ya hapo, ilibidi intaneti iwepo muda wote, hata kwa anayecheza peke yake!

Wahakiki waligawanyika. Wapo waliofurahia mapambano ya watano kwa watano. Wengine, na nadhani walikuwa na haki, waliuona kuwa mchezo mwingine kabisa uliovalishwa jina la zamani. Hata mwigizaji Joseph D. Kucan, aliyerudi kuigiza mhusika Kane, hakutosha kuwatuliza mashabiki.