DEREVA, USIKIMBILIE KUSEMA 'NI KWELI'

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumze habari za usukani. Huku kwetu Shinyanga na Geita karibu kila ukoo una mtu wake wa barabarani. Kama siyo kaka anayepiga debe na kuendesha Noah ya Kahama, basi ni shemeji anayevuta lori kutoka Isaka kwenda Rwanda, au mjomba anayepakia wachimbaji wa Katoro na Nyarugusu kwenye mchomoko, watu wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Muulize yeyote kati yao anaogopa nini kuliko vyote. Hatakwambia majambazi, wala trafiki. Atakwambia kugonga mtu.

Na ana haki ya kuogopa. Barabara zetu hizi siyo za mchezo. Hapa ng'ombe mia wanavuka na mtoto mmoja wa kuwachunga, pale baiskeli ina magunia matatu ya mkaa na haina hata taa, mbele trekta linatembea usiku kama mzimu. Agosti 2022 pale Mwakata, Kahama, lori, Hiace na trekta vilihusika katika ajali moja ya usiku, na watu karibu 20 wakapoteza maisha. Mwakata ni kile kijiji kilichopigwa na mvua ya mawe Machi 2015 ikaua watu zaidi ya 40. Kijiji kimoja, misiba miwili ya namna hiyo!

Sasa dereva akibaki hai baada ya kasheshe kama hiyo, vinamfuata vitu viwili: mawe ya wananchi wenye hasira na pingu za polisi. Mawe anayajua, ndiyo maana anatimua mbio. Ya pingu hayajui kabisa. Amejifunza kuziba rejeta kwa sabuni, amejifunza kumbembeleza trafiki, lakini hajui hata jina la kosa atakalosomewa.

KOSA SIYO KIFO, NI UENDESHAJI

Watu wengi wanadhani ukimgonga mtu akafa basi umeshakuwa muuaji na kamba inakungoja. Siyo hivyo. Mauaji yanataka dhamira mbaya, yaani uwe umekusudia. Dereva wa kawaida hushtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na kosa lenyewe ni kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari.

Soma tena hayo maneno pole pole. Kwa kuendesha kwa hatari. Upande wa Jamhuri unatakiwa uthibitishe mambo matatu bila kuacha shaka ya maana: kwamba wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani, kwamba uliendesha kwa hatari, na kwamba uendeshaji huo ndio uliosababisha kifo. Likianguka moja hapo, shtaka hilo linayumba. Maiti peke yake haitoshi kukutia hatiani. Mtu anaweza kuruka kutoka kichakani hatua mbili mbele ya bampa, na hata dereva malaika asingeweza kumkwepa.

Ila usianze kushangilia. Kama ulikuwa na pombe kichwani, kama ulikuwa unapita makazi ya watu pale panapotakiwa kilomita 50 kwa saa nawe uko 90, kama ulilipita gari jingine kwenye mlima, basi hiyo hatari umeiandika mwenyewe barabarani. Na lile neno 'breki zilifeli' siyo dawa ya kila ugonjwa. Breki ikikatika ghafla bila wewe kujua, hiyo ni hoja. Lakini kama konda wako atasimama mahakamani aseme tangu juzi mlikuwa mnapampu ndipo ishike, umekwisha. Mahakama itakuuliza kwa nini uliitoa hiyo gari stendi.

Kuna kosa jingine dogo kidogo, la kuendesha bila uangalifu. Wakili mzuri hata akiona hawezi kukutoa moja kwa moja, anaweza kupigania uonekane ulikosa uangalifu tu na siyo kuhatarisha watu. Tofauti ya hapo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kulala kwako na kulala gerezani.

SAA ZA KWANZA NDIYO KESI YENYEWE

Nimekaa na madereva stendi, na kila nikiwasikiliza naona kitu kimoja: kesi nyingi huharibika kabla hata hakimu hajaijua. Zinaharibika palepale kwenye lami.

Sheria inataka usimame, usaidie majeruhi na utoe taarifa polisi. Ukiona wananchi wanaokota mawe, okoa roho yako, lakini safari yako iishie kituo cha polisi kilicho karibu, siyo kwa bibi yako porini. Aliyejisalimisha na aliyekamatwa baada ya siku tatu hawaonekani sawa machoni pa hakimu.

Kisha polisi watachora ramani ya ajali: gari lilisimama wapi, alama za tairi zina urefu gani, vioo vilidondokea upande gani, marehemu alilala wapi. Ramani hiyo ni shahidi mkubwa kuliko konda wako. Kama upo na una akili zako, angalia kinachochorwa. Kama kuna rafiki mwenye simu, apige picha barabara nzima kabla magari hayajavutwa. Majina na namba za simu za abiria zichukuliwe siku hiyo hiyo, maana kesho wametawanyika, mmoja yuko Ushirombo, mwingine Sengerema, na kesi ikitajwa hutampata hata mmoja. Gari nalo lisiguswe na fundi mpaka mkaguzi wa magari wa polisi alikague na kuandika taarifa yake. Tajiri anayekimbiza gari gereji usiku anadhani anajiokoa, kumbe anakuzika wewe.

Ukifikishwa kituoni utachukuliwa maelezo ya onyo. Neno onyo siyo pambo. Una haki ya kuambiwa unatuhumiwa kwa nini, haki ya kukaa kimya, na haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Muda wa kukuhoji nao una kipimo, kwa kawaida saa nne tangu ukamatwe, labda uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Mtu aliyetoka kuona mtu anakufa mbele yake yuko nusu wazimu. Anatetemeka, anasema 'nimeua, nimeua', na yanaandikwa. Usitie sahihi usichokisoma. Kama hujui kusoma, omba usomewe, na panapokosewa sema pamekosewa. Halafu kumbuka kosa hili lina dhamana. Asikudanganye mtu kwamba mpaka utoe kitu kidogo.

'KUBALI YAISHE'

Hapa ndipo penye moyo wa makala yangu. Jirani yangu mmoja, kijana wa Noah, alimgonga mwendesha baiskeli jioni moja ya masika, mwenye baiskeli akafa. Kijana huyo siyo mlevi na siku ile hakuwa na haraka. Akiwa lupango wenzake wakamshauri: wewe kubali tu, ukikubali hakimu anakuonea huruma, yaishe. Aliposomewa shtaka akajibu, "Ni kweli." Akasomewa na maelezo, kwamba alikuwa kasi, kwamba aliacha upande wake. Akajibu tena, "Ni kweli." Hakuna aliyewahi kuulizwa kama ile baiskeli ilikuwa na taa. Mama yake aliuza ng'ombe kulipa faini. Mpaka leo ukimuuliza kama kweli aliacha upande wake, anasema hakuacha. Sasa kwa nini ulikubali, kaka? Anasema, "Mtu alikuwa amekufa, dada. Niliona aibu kubisha."

Msomaji wangu, hiyo aibu naielewa, na ni ya mtu mwenye utu. Lakini kukana shtaka siyo kumtukana marehemu. Ni kumwambia mwenye kushtaki: leta ushahidi. Ukikiri, kwa kawaida huwezi tena kukata rufaa kupinga hatia yenyewe, unabaki kulalamikia adhabu tu. Na kama maelezo unayosomewa yana jambo la uongo ndani yake, sema hapohapo, "Hilo siyo kweli." Ukilipinga jambo la msingi, hakimu anatakiwa aandike kwamba umekana, kesi isikilizwe. Ukitiwa hatiani baada ya kesi kusikilizwa, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

TUJIFUNZE KWA MKUBWA

Machi 2009, gari alilokuwa akiendesha Andrew Chenge liligongana na bajaj kule Oysterbay, Dar es Salaam, wakafa wanawake wawili. Huyu ni mtu wa kwetu, wakati huo mbunge wa Bariadi Magharibi, na Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga kabla Simiyu haijazaliwa mwaka 2012. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali miaka kadhaa, na hadi Aprili 2008 alikuwa Waziri wa Miundombinu, yaani barabara zenyewe zilikuwa chini yake.

Je, msomi huyo wa sheria alisema 'ni kweli' yaishe? Hapana. Kesi ilisikilizwa Mahakama ya Wilaya ya Kinondoni mpaka Desemba 2010, mashahidi wakaitwa, naye akajitetea. Mwishowe mahakama ilimtia hatiani, ikamwamuru alipe faini ya shilingi 700,000 au aende jela miaka mitatu.

Mimi napata mafunzo mawili. La kwanza, aliyewahi kuwa mshauri mkuu wa sheria wa nchi nzima aliona ni haki yake kuiambia Jamhuri ithibitishe, basi na dereva wa mchomoko anayo haki hiyo hiyo. Cheo hakikumzuia kutiwa hatiani, na umaskini usikuzuie wewe kujitetea. La pili, ile faini ni mali ya serikali, siyo ya wafiwa. Gawa laki saba kwa roho mbili uone mwenyewe kama faini inaweza kuitwa bei ya mtu.

NG'OMBE HAWAFUTI KESI

Kwetu Usukumani jambo likitokea wazee wanaketi, ng'ombe wanatajwa, familia mbili zinapatana. Ni jambo jema, lifanyike. Nenda msibani, au kama unaogopa tuma wazee, toa rambirambi. Lakini jua kwamba mshtaki ni Jamhuri, siyo baba wa marehemu, hivyo kupatana hakufuti kesi. Kunaweza tu kukusaidia ukiomba upunguziwe adhabu. Nanyi wafiwa, msiishie kwenye ng'ombe. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na hiyo ndiyo inayopaswa kuwafidia. Chukueni namba ya gari na jina la kampuni ya bima mapema.

Najua utasema, wewe dada unaongea tu, wakili ni hela. Ni kweli. Lakini tangu 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, kwa ajili ya wasio na uwezo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii wilayani kwako, ulizia watoa msaada wa kisheria, na muulize hakimu mwenyewe ukiwa kizimbani. Matajiri wa magari nao waone haya: mnakula hesabu ya kila jioni, halafu dereva akiwa ndani mnazima simu! Kule Karatu, basi la Shule ya Lucky Vincent lilipoanguka Mei 2017 wakafa watu 35, dereva akiwemo, mwenye shule ndiye aliyepelekwa mahakamani. Kwa hiyo msidhani kesi inaishia kwenye usukani.

Wewe kaka wa Noah, punguza mwendo pale Tinde, na breki ikianza kulegea iseme kabla haijasema yenyewe. Ajali ikikukuta pamoja na hayo yote, lia kadiri unavyoweza, lakini kizimbani sema lile tu lililotokea. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.