Siku Mia Moja Pasipo Kengele ya Shule

Watu wengi hutaja mwaka wa 2020 kwa mabaya yake tu, na ni haki, maana mabaya yalikuwapo. Walakini mwezi huu twataka kuzitazama siku zile kwa namna nyingine: kuuliza jinsi nyumba zetu za Newala na Masasi zilivyokaa wakati wa ugonjwa wa korona, na ni jambo gani jema lililoonekana ndani yake ambalo yafaa kulishika hata leo. Mtu ambaye nyumba yake imeungua huwahesabu watoto wake kwanza, kisha huchambua majivu aone kilichosalia.

Kwanza tueleze habari kwa utaratibu. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa ugonjwa huu umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa Tanzania, naye alikuwa Arusha. Siku ya pili yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, tangu za awali hata kidato cha sita. Hapo mwanzo zilifungwa kwa siku 30, kisha muda ukaongezwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni. Ukizihesabu siku hizo utaona ya kuwa watoto wetu walikaa nyumbani siku zaidi ya mia moja.

Jirani zetu walibanwa kuliko sisi. Huko Kenya watu walikatazwa kutembea usiku tangu tarehe 27 Machi. Na Uganda shule zake hazikufunguliwa kwa watoto wote hata tarehe 10 Januari 2022, yaani karibu miaka miwili. Huku kwetu serikali haikuwafungia watu majumbani. Masoko, makanisa na misikiti vilikuwa wazi, na Rais John Magufuli aliwaita watu wa dini zote waombe kwa siku tatu, tarehe 17 hata 19 Aprili. Walakini hofu haingoji amri. Basi lilipofika kutoka Dar es Salaam watu walisogea mbali na abiria, na mwana aliyerudi kwa wazazi wake alitazamwa kama mgeni. Hesabu ya mwisho iliyotolewa siku zile ilikuwa wagonjwa 509 na waliofariki 21. Baada ya hapo hapakutangazwa hesabu kwa muda wa zaidi ya mwaka. Hivyo kila nyumba ilipaswa kupima yenyewe kati ya uvumi wa kutisha na uvumi wa kudharau.

Hata salamu zilibadilika. Mwanzoni mwa Machi Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad walionekana pichani wakisalimiana kwa kugusana miguu badala ya kupeana mikono. Watoto wakaiga na kucheka, na salamu ile ikawa mchezo wa kila uwanja. Lakini ugonjwa wenyewe haukuwa mchezo. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021, naye chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza ya kuwa ameugua korona.

Sasa tuangalie mema. La kwanza lilitokea mahali tusipotazamia, yaani katika shida ya maji. Kila aijuaye Newala aijua shida hiyo. Mji wetu umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na mtu asimamaye Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma likienea mbali chini yake. Mvua inyeshayo juu hunywewa na udongo, na chemchemi ziko chini mabondeni; ndiyo sababu tangu zamani akina mama waliteremka na kupanda na vyombo kichwani. Basi, likaja agizo la kunawa mikono mara nyingi kwa maji yatiririkayo. Wazee wengine waliuliza, Tutanawa kwa maji gani, na ya kupikia hayatoshi?

Jawabu lilikuwa kibuyu chirizi. Wasomaji wetu wengi wanakijua, lakini tukieleze kwa ajili ya wasiokijua. Hutwaliwa dumu dogo, likatobolewa tundu dogo karibu na mdomo wake, likaninginizwa juu ya mti uliolazwa katika panda mbili. Kamba hufungwa shingoni mwa dumu na kushuka hata kijiti kilicho karibu na ardhi. Mtu akikikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika kidogo kidogo; akiondoa mguu, maji husimama. Sabuni hutobolewa na kutungikwa kando kwa uzi. Hivyo hapana mkono unaogusa chombo, wala hapana maji yanayomwagika bure. Waliojenga vibuyu hivi mara nyingi ni watoto, maana hawakuwa na shule. Na mtoto akiisha kujenga chombo kwa mikono yake hukilinda, tena humwonya baba yake apitaye bila kunawa.

La pili ni barakoa. Neno hili ni la zamani. Hapo kale watu wa Pwani walikiita hivyo kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu. Mwaka ule neno lilipata kazi mpya, na mafundi cherehani nao wakapata kazi mpya pamoja nalo. Vipande vya vitenge vilivyokuwa vikitupwa chini ya meza vilishonwa kuwa barakoa, na mabinti wengi walijifunza kushona mshono wao wa kwanza kwa vipande hivyo.

La tatu ni masomo. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitengeneza vipindi vya masomo vya redio na televisheni. Lakini si kila nyumba ina redio, na yenye redio pengine haina betri. Ndipo nyumba nyingi zilipotafuta njia zao. Mlango wa mbao ukawa ubao, na kipande cha muhogo mkavu kikawa chaki. Mtoto wa darasa la sita alimfundisha mdogo wake wa darasa la pili, na katika kumfundisha akayaona mapengo yake mwenyewe. Tena ulikuwa wakati wa mavuno. Kuhesabu debe za mahindi, kugawa njugu mawe za kula na za mbegu, kupima hatua kati ya mkorosho na mkorosho, hayo yote ni hesabu. Bibi waliwachukua wajukuu porini kuchimba ming'oko, wakawaonyesha ni mizizi ipi iliwayo na ni ipi yenye sumu. Jioni vitendawili vilirudi, na watoto waliozoea Kiswahili cha shuleni wakasikia Kimakonde cha wazee wao kwa miezi mitatu mfululizo. Wazazi wengine walikiri ya kuwa siku zile ndipo walipojua kama mtoto wao asoma au akariri tu.

Walakini tusiwadanganye wasomaji. Siku zile zilikuwa na hatari, na hatari kubwa kuliko zote iliwakabili mabinti. Shule ni ulinzi kama ilivyo mafunzo. Msichana asiye na shule hutumwa mbali, huachwa peke yake, tena wako watu wenye kumvizia. Kwa kanuni ya wakati ule, mwanafunzi aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali; kanuni hiyo ilibadilishwa mwezi wa Novemba 2021. Kwa hiyo mwaka wa 2020 kosa la mtu mzima mmoja liliweza kumfungia binti mlango wa shule moja kwa moja. Hapo ndipo tulipoona faida ya majirani. Katika vitongoji vingine akina mama walipatana kwamba mabinti wasiende kuteka maji wala kuokota kuni ila kwa makundi, na mama mmoja awe pamoja nao kwa zamu. Jambo hilo halikuhitaji fedha wala mkutano mkubwa. Lilihitaji mama wa kwanza wa kusema, Kesho zamu ni yangu.

Jambo lililotuuma sana lilikuwa misiba. Huku kwetu mfiwa haachwi. Watu huja, hukaa, hulala. Mtu kuambiwa asikae matangani aliona kana kwamba ameambiwa amtupe nduguye. Lakini hapo pia watu walipata njia. Walikaa mbalimbali chini ya mikorosho, waliingia kwa zamu badala ya kujazana chumbani, na wale ambao hawakuja walipeleka unga, kuni na maji. Mfiwa mwenye mtungi uliojaa na jiko linalowaka ajua ya kuwa hakuachwa, hata kama uwanja wake una watu wachache.

Tarehe 24 Julai 2020 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alifariki, na tarehe 29 akazikwa kijijini kwake Lupaso, wilaya ya Masasi. Umati uliofika ulionyesha ya kuwa watu walikuwa wamekwisha kuiaga hofu. Lakini ugonjwa haukuwa umewaaga watu. Ulirudi kwa nguvu mapema mwaka wa 2021, na chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai mwaka huo. Ni tarehe 5 Mei 2023 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwisho wa hali ya dharura.

Basi, enyi wazazi na walimu, twawashauri mambo manne. Kibuyu chirizi kisibomolewe, maana kipindupindu na kuhara havikuondoka pamoja na korona. Mzazi aendelee kumwuliza mtoto jioni amesoma nini, naye mtoto amweleze mdogo wake. Zamu ya kuwalinda mabinti isingoje shule kufungwa. Likizo ya Juni na ya Desemba ni ndefu pia. Na mwalimu akisikia ya kuwa mwanafunzi wake amekosa siku tatu, aende nyumbani kwao kabla ya siku ya nne. Mambo haya yaliwezekana wakati wa hofu, pasipo fedha. Haitakuwa vigumu kuyafanya wakati wa amani.