Kupanua Uwanja wa Mpira: Tuanze na Mageti



Kila wakati wa kampeni tunaahidiwa uwanja wa mpira. Anayeahidi hutaja hesabu ya viti: elfu tano, elfu kumi, elfu sitini. Watu wanapiga makofi. Ni wachache wanaouliza: hao watu elfu kumi wataingilia wapi? Na wakitaka kutoka wote kwa mara moja, watatokea wapi? Makala hii ni ya kusaidia vikundi vyetu kuuliza maswali hayo mapema, maanake saruji ikishakauka hakuna anayesikiza tena.

Tumetoka wapi?

Hapa Nairobi viwanja vyetu vikubwa si vya jana. Nyayo ulifunguliwa 1983. Kasarani ulikuwa tayari kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Lakini kujenga ni kitu kimoja, kutunza ni kingine. Kenya ilinyang'anywa Kombe la Afrika la 1996, likapelekwa Afrika Kusini. Septemba 2017 tukanyang'anywa CHAN ya 2018, ikapelekwa Morocco, kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Mwaka 2024 Nyayo na Kasarani vilikuwa vimefungwa ili vikarabatiwe. Harambee Stars wakacheza mechi zao za "nyumbani" huko Malawi mwezi wa Juni, na Kampala mwezi wa Septemba. Shabiki wa Kangemi hangeweza kulipa nauli ya huko. Alibaki na redio yake.

Mwezi wa Machi 2025 timu ilirudi Nyayo kucheza na Gabon. Agosti mwaka huo tukaandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, na Kasarani ukajaa. Hapo ndipo tulipopata funzo kubwa. Baada ya mechi ya Kenya na Morocco ya tarehe 10 Agosti, shirika la CAF lilipunguza mashabiki wa Kasarani hadi 27,000 kwa mechi iliyofuata, ile ya Zambia. Viti vilikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu kwenye mageti, kwani watu walikuwa wameingia kwa nguvu. Kwa hivyo uwanja mkubwa uligeuka kuwa mdogo kwa sababu ya geti.

Msiba huja getini

Tarehe 23 Oktoba 2010, wakati wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards pale Nyayo, watu 7 walikufa katika msongamano wa kuingia. Mwaka 2001 huko Accra, Ghana, polisi walirusha gesi ya machozi uwanjani. Watu walikimbilia milango wakaikuta imefungwa, na 126 wakafa. Januari 2022 huko Yaoundé, Cameroon, wengine 8 walikufa mbele ya lango la kuingilia.

Tuelewe jinsi inavyotokea. Mtu wa nyuma haoni kinachoendelea mbele. Anasikia kelele, anadhani mpira umeanza, anasukuma kidogo. Na mwingine anasukuma kidogo. Mtu wa mbele, aliyebanwa kwenye chuma, anasukumwa na mamia. Wengi wanaokufa hawakanyagwi. Wanakosa nafasi ya kuvuta pumzi wakiwa bado wamesimama. Ndivyo ilivyokuwa Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, ambapo watu 97 walipoteza maisha. Baada ya hapo timu kubwa za huko zililazimishwa kuweka kiti kwa kila shabiki. Basi kiti si starehe tu. Kiti chenye namba kinaonyesha ni watu wangapi wanaweza kuingia, hata mmoja asizidi.

Hesabu ya kufanya katika kikundi

Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza, ambao wahandisi wa nchi nyingine pia huutumia, una hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kufanya kwa kalamu.

Kuingia: geti moja dogo la chuma la kuzungusha, linalopitisha mtu mmoja mmoja, lihesabiwe kupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa. Wakija watu 3,000 katika saa moja, yatakiwa mageti 5. Wakija 30,000, yatakiwa 46. Hata kama ujenzi ni mzuri namna gani, mageti 10 hayawezi kazi hiyo.

Kutoka: katika njia tambarare, kila mita moja ya upana hupitisha watu 82 kwa dakika; katika ngazi, 66. Watu wote wawe wametoka kwa muda usiozidi dakika 8. Kwa hivyo watu 3,000 wanahitaji karibu mita 5 za milango. Uwanja wenye lango moja la mita 2 unaweza kutoa watu 1,300 hivi kwa dakika hizo 8. Sasa fikiria umejaza 3,000 na moto umezuka kwenye kibanda cha chipsi.

Kwetu hapa magharibi ya jiji

Serikali Kuu inajenga uwanja wa Talanta, Ngong Road karibu na Jamhuri, wa watu 60,000, kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027 ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa pamoja. Kazi ilianzishwa rasmi Machi 2024. Sisi wa Mountain View na Kangemi tutaufikia kwa matatu. Lakini vijana wetu hawachezi huko. Wanacheza viwanja kama Kihumbuini, Kangemi. Baada ya uchaguzi wa 2017 kaunti ya Nairobi iliuweka Kihumbuini katika orodha ya viwanja vya kujengwa, pamoja na Dandora, Ziwani na Woodley. Ni kwenye viwanja vya namna hii sauti ya kikundi inaweza kufika.

Mnapoonyeshwa ramani ya uwanja, angalieni haya:

1. Milango ya kutokea. Ifunguke kuelekea nje, na wakati wa mechi isifungwe kwa kufuli. Kila mlango uwe na mtu wa kuufungua.

2. Nafasi nje ya geti. Foleni isisimame barabarani penye matatu, wala wanaoingia wasikutane na wanaotoka.

3. Vyoo na maji. Akina mama na wasichana hawaendi uwanjani pasipo na choo. Vyoo vyao viwe mbali na vya wanaume, na pawe na mfereji wa maji ya kunywa.

4. Walemavu. Mwenye kiti cha magurudumu apate njia isiyo na ngazi na mahali pa kuona bila kuzibwa na waliosimama.

5. Kivuli na mtaro. Jukwaa dogo lenye paa na uwanja usiotuama maji ni bora kuliko jukwaa kubwa linalokaa tupu wakati wa mvua.

6. Hati ya kiwanja. Uwanja usio na hati kwa jina la umma ni rahisi kunyakuliwa. Ulizeni kabla ya tofali la kwanza.

7. Mtunzaji. Nani atakata nyasi, atalipa stima na ataosha vyoo mwaka wa tatu?

Tuseme wapi, na lini?

Fedha za kaunti zina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufikishwa kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kikundi kinachoandika barua mwezi wa Julai kimechelewa mwaka mzima. Sheria inataka wananchi washirikishwe, kwa hivyo hudhurieni mikutano ya wadi mkiwa na maandishi, si maneno matupu. Pelekeni nakala kwa MCA wenu. Mkitaka kuona mkataba au ramani, iombeni kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016; ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Wekeni nakala yenye muhuri.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Uwanja wetu una milango mingapi? Ipimeni kwa hatua, mfanye hesabu.

2. Siku ya fainali huja watu wangapi? Je, wanaweza kutoka kwa dakika 8?

3. Wasichana wetu wanakuja kutazama mpira? Kama hawaji, ni kwa nini?

4. Ni nani kati yetu atahudhuria mkutano ujao wa bajeti, na ni nani atakayeandika?