Kibali cha Dampo na Haki ya Kuishi

Kata ya Ipagala ni miongoni mwa sehemu za Jiji la Dodoma ambazo nyumba zake zimeongezeka tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Nyumba zinapoongezeka, taka nazo huongezeka, na swali huzuka: zitupwe wapi, na kwa idhini ya nani?

Mahakama Kuu ya Tanzania ilikwisha kulijibu swali hilo kwa sehemu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi, uvundo na nzi waliotokana na jaa lililokuwa karibu na makazi yao. Mahakama iliamuru utupaji ukome. Halmashauri iliomba kuongezewa muda mara kadhaa, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Alieleza kwamba kuhatarisha afya za watu ni kuvunja haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi 795 walifungua shauri, nao wakashinda. Halmashauri ilijitetea kwamba sheria inaipa wajibu wa kuondoa taka. Mahakama ilikubali kuwa wajibu huo upo, lakini si ruhusa ya kuwadhuru watu. Tena mpango wa jiji ulikuwa umelitenga eneo hilo kwa makazi. Hivyo iliagizwa kutafuta mahali panapofaa.

Kwa jicho la tabibu, hofu ya wakazi hao ilikuwa na msingi. Moshi wa taka hudhuru mapafu, hasa ya watoto. Nzi hueneza magonjwa ya kuhara. Na maji yachuruzikayo kutoka katika taka huweza kupenya ardhini. Hatari hii ya mwisho inaihusu sana Dodoma, ambayo kwa miaka mingi imetegemea visima vya Makutupora.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya dampo kujengwa, na inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani hata pale madhara yanaponukia tu. Kwa hiyo mkazi anayesikia habari za dampo jipya aulize mapema: eneo limetengwa kwa kazi gani? Tathmini imefanyika? Maji yataelekea wapi? Kwani Kunduchi inafundisha kwamba kulifunga jaa bila kuandaa jingine lililo salama ni kuwahamishia jirani maradhi.