MAVUNO, UJIRA NA MARADHI: FUNZO KUTOKA MPANDA



Mpanda iko mbali na visiwa vyetu, wala si nchi ya karafuu. Ni nchi ya tumbaku, mpunga, ng'ombe na dhahabu. Walakini yanayowapata wanawake wa huko yafaa kusomwa na kila mwenye shamba hapa, maana na sisi tuna msimu, tuna wachumaji watokao mbali, na tuna madago.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Rukwa, na makao yake ni Mpanda. Tangu zamani ni mahali pa wageni. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko kwa ajili ya mgodi wa risasi. Leo wapo wachimbaji wa dhahabu, wafugaji waliohama na mifugo yao, vibarua wa tumbaku, na wavuvi wa Karema na Ikola katika Ziwa Tanganyika. Palipo na wanaume waliotoka makwao wakiwa na fedha za msimu, na wanawake waliotoka makwao bila ya fedha, maradhi ya zinaa hayakosi njia.

Hesabu zenyewe ni hizi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kwa Tanzania nzima walikuwa 27. Hapana mkoa uliopita Katavi. Basi mlango uliopitisha mimba waweza kupitisha maradhi pia. Na uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa wanawake wazima 5.6 katika kila 100 nchini, na kwa wanaume 3.0.

Kwa nini wanawake huzidi? Sababu moja ni maumbile: mwanamke huambukizwa kwa wepesi zaidi. Tena kisonono aghalabu hujificha ndani yake bila ya dalili, na kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, hupona chenyewe hali ugonjwa umebaki mwilini. Akishika mimba, kaswende yaweza kuua mtoto tumboni. Na kila kidonda cha namna hii huvifungulia njia virusi vya Ukimwi.

Sababu ya pili ni ujira. Fikirini mjane, au msichana aliyeacha skuli, aliyekwenda kulima shamba la mtu. Malipo yake yanangoja mazao yauzwe. Kila siku lazima ale, naye hula kwa mkopo. Mwenye duka au msimamizi akimdai, hana cha kutoa ila mwili wake. Hapo kumwambia "jihadhari" hakumsaidii sana, kwa sababu asiye na chakula wala pa kulala hana nguvu ya kukataa, wala ya kumtaka mwanamume avae kondomu.

Tiba ipo, na faida yake imeonekana. Mkoani Mwanza, baina ya mwaka 1991 na 1994, vituo vya afya vya vijijini vilifundishwa kutibu vizuri maradhi ya zinaa na kupewa dawa. Maambukizo mapya ya virusi yalipungua kwa kadiri ya 40 katika 100. Huko Rakai, Uganda, watu walipewa dawa kwa pamoja kila baada ya miezi 10, na upungufu huo haukuonekana. Katika maelezo yaliyotolewa, moja ni kwamba dawa yapasa iwe karibu siku ile mtu anapougua.

Leo tuna zaidi. Anayemeza dawa za kupunguza virusi kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Mama mjamzito akitibiwa mapema, mtoto aghalabu husalimika. Aliyenajisiwa apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa ya kinga haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Na mwenye kisonono au kaswende atibiwe pamoja na mwenziwe, la sivyo ugonjwa utarudi.

Sasa, wenye mashamba, sisi tufanye nini? Nashauri mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, mchumaji alipwe jioni ileile pishi zake zinapopimwa, naye alipwe mkononi mwake, si kwa mkono wa msimamizi.

Pili, wanawake wa dago wapewe banda lao, lenye mlango unaofungwa kwa ndani, na choo kilicho karibu.

Tatu, kila mchumaji apate ruhusa ya kwenda kituo cha afya bila ya kuulizwa ugonjwa wake na bila ya kupoteza nafasi yake. Asilazimishwe kupimwa, wala siri yake isitangazwe.

Nne, msimamizi anayetaka mwili wa mtu ndipo ampe kazi aondolewe na ashitakiwe, hata akiwa jamaa yetu.

Gharama ya haya si kubwa kwa mwenye shamba. Yule mwanamke wa Mpanda hakuponzwa na ujinga tu. Aliponzwa na ujira uliochelewa. Msimu wetu ukifika, na tuanze na pishi: ipimwe kwa haki, ilipwe siku hiyohiyo.

Katibu wa Chama